Digrii Kumi na Moja

Msikiti wa kijiji chetu, milimani Bosnia,
ni wa mbao tupu, hata mnara wake,
mwembamba kama penseli iliyochongwa na mtoto.
Theluji ikiukalia, unalia kwenye maungio.

Nilirudi Novemba na kifaa cha kupimia ardhi.
Nilitumwa kwenye shamba la plamu la marehemu Alaga,
warithi walikwisha kushikana mashati.
Nikaingia msikitini kukimbia baridi.
Mkono una mazoea yake: nikakiwasha.

Mihrabu ilikosea.
Digrii kumi na moja, upande wa mashariki.

Nikapima tena. Nikatoka nje, nikapima.
Nikavuta mstari kwenye ramani kutoka pale kwenye mbao,
juu ya bahari, juu ya nchi za watu,
ukaipita Makka kwa mbali, kilomita mia tano na ushei,
ukaangukia jangwani, mahali ambapo mchora ramani
hakuona haja ya kuandika jina.

Ningenyamaza. Ukweli mwingine hauna haraka.
Lakini Ferhat efendi, imamu, alikuwa mlangoni
akikung'uta viatu,
akaona nilivyozikodolea namba.

Jioni walijaa. Rushid seremala hakuketi.
Babu wa babu yake ndiye aliyeichonga mihrabu ile
kwa patasi, kwa nyota, na kwa maneno ya msafiri mmoja.
"Basi niambie, binti wa shule," akasema,
"wafu wangu wote kule mteremkoni,
niliowalaza kwa ubavu, nyuso zikifuata ukuta huu,
wanatazama wapi?"

Sikuwa na jibu. Kifaa kilikuwa nalo.
Nikakizima.

Imamu akakumbusha ya Madina:
watu wamo katikati ya sala, nyuso zao Baitul Mukadas,
amri ikashuka, safu nzima ikageuka pale pale
kuielekea Makka, wala hakuna aliyeivunja sala yake.
Na sala za jana yake, akasema,
hakuna aliyeambiwa azilipe.
Rushid akatazama misumari ya sakafuni.

Ndipo Zumreta, muuza jibini, aliyehiji mwaka juzi
kwa bei ya ng'ombe wawili,
akacheka kutoka upande wa wanawake.
"Mimi kule nilipoteza kandambili moja na kundi langu lote.
Ikakimiwa sala. Nikasimama nilipokuwa.
Mara nikaona watu ng'ambo ya pili wamenielekea,
nami nimewaelekea wao,
na Nyumba katikati yetu, nyeusi, kimya.
Nikaingiwa na hofu. Tangu utotoni
katika sala sijaona ila visogo.
Kumbe visogo vyote vile
vilikuwa njiani kwenda kukutana na nyuso."

Hatukukata shauri usiku ule.
Watu walibishana mpaka kuni zikaisha.
Wiki ya tatu tukabandika utepe wa kijani kwenye zulia,
mshazari, ukikata maua yake vipande.
Ncha moja niliishika mimi, nyingine Rushid.
Mihrabu tuliiacha. Imamu sasa husimama kando yake
kama mgeni asiyetaka kukalia kiti cha mwenye nyumba.
Makaburi hatukuyagusa.

Nikiwa kitandani, mjini, huuwaza ule mchanga usio na jina.
Karne mbili, mara tano kwa siku,
kijiji kizima kimemimina dua upande ule:
za mahari, za ndama, za wanawe waliochukuliwa na vita.
Labda alikuwapo mchunga ngamia
aliyesikia siku moja harufu ya plamu zilizoiva,
asiyewahi kuliona tunda hilo,
akageuka, asione mtu.

Rushid naye, naambiwa, akishatoa salamu
hupiga jicho kwenye ukuta wa zamani.
Mara moja tu.
Kisha huinuka kutafuta viatu vyake.